Mji wa Dundumo Uliokataa Kuanguka

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Ukungu ulilala juu ya mahindi ya Lumakanda mpaka saa tatu asubuhi, jua likachungulia kidogo, na kufikia saa tisa mchana mvua ilikuwa imeanza, ile mvua nene isiyo na upepo. Lazarus Andati alikuwa ameketi barazani kwake akichonga fito wageni wawili walipoingia uani mbio, mmoja amejifunika kitabu kichwani, mwingine hajajifunika chochote.

Mwenye kitabu kichwani alikuwa Mwalimu Beverlyne, anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo nyuma ya soko. Aliyeloa chapachapa alikuwa Cherotich, msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, ambaye alikuwa amelisokomeza daftari lake ndani ya sweta ili lisiloe.

"Fundi, tumekuja na kazi ya udongo," Mwalimu alisema akijipangusa miguu.

Andati aliliweka panga chini. Mara ya mwisho mtu kumletea kazi ya udongo, mbali na viraka vya jikoni, ilikuwa miaka miwili nyuma.

"Nyumba ya vyumba vingapi?"

"Si nyumba," Cherotich alisema. "Ni mji."

Ikabidi Mama Roda, yaani Selpher mkewe, alete viti na chai, kwa sababu habari ya mji haiwezi kusikilizwa kwa kusimama. Cherotich alilifungua daftari. Alikuwa ameandika mchezo wa kuigizwa siku ya wazazi, Ijumaa tarehe 18 Julai. Ulihusu mbilikimo, wale wa kwenye hadithi, wenye ndevu mpaka magotini, wanaoishi chini ya mlima na kuchimba dhahabu usiku na mchana. Walichimba mpaka wakajipatia mji, wakauita Dundumo kwa ajili ya mlio wa nyundo zao. Ulikuwa na malango, kumbi na mnara, na katikati yake nguzo moja kuu iliyobeba kila kitu. Ndani ya nguzo hiyo babu zao walikuwa wamepachika vipande tisa vya dhahabu. Dhahabu ya mlimani ilipokwisha, mbilikimo mmoja akaenda kwenye nguzo akachomoa kipande. Kimoja tu, nani atajua? Kesho yake akaja wa pili.

"Na wa tisa akichomoa," Cherotich alimalizia, "mji unaanguka."

"Unaanguka wote?"

"Wote, Mzee. Hapo ndipo mchezo unapoishia."

"Si mngeuchora kwenye kitambaa?"

"Wa mwaka jana waliuchora," Mwalimu Beverlyne alisema. "Upepo ukakigeuza kitambaa, wazazi wakaona mji umesimama kwa kichwa. Mwalimu mkuu mpaka leo hajatusamehe."

Selpher alicheka hadi akaiweka birika chini. Kisha akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Andati ni mfupi, tena mfupi wa kutajwa. Mlango wa jikoni anaoingia wima, wengine wanauinamia.

"Kazi hii imempata mwenyewe," alisema. "Mfalme wa mbilikimo yuko hapa, ndevu tu ndizo zimekosa."

Andati alikubali kazi kabla chai haijapoa.

Sasa ni vizuri ijulikane huyu Andati ni nani, maana bila hayo yaliyofuata hayataeleweka. Alizaliwa Khwisero mwaka wa 1962, mtoto wa tano. Akiwa na miaka ishirini na mmoja alikuja Lumakanda kumfuata Wanzala, fundi wa udongo aliyekuwa akijengea familia zilizogawiwa mashamba ya wazungu wa zamani. Wanzala alikuwa mtu mkali. Mwanafunzi akifunga fito kwa fundo moja, aliifungua kamba yote mbele za watu na kumwambia aanze upya. Neno alilolirudia kila siku ni hili: ukuta ukianguka, kinachozikwa chini yake ni jina la fundi. Andati alilishika neno hilo kama wengine wanavyoshika Maandiko. Kwa hesabu yake mwenyewe amejenga nyumba mia mbili na kumi na moja, bila kuhesabu jikoni, na hakuna hata moja iliyowahi kulala chini. Mvua kubwa za mwaka wa 1997 ziliangusha vyoo, zikabeba daraja, lakini kuta za Andati zilibaki zimesimama na maji yakizipita kama yanazisalimia. Watu wa huku wakitaka kusema jambo fulani ni imara husema, "Hilo limekandikwa na Andati." Siku hizi wanajenga kwa matofali na simiti, naye hawalaumu. Ila jina lile limebaki, na kwa mzee wa miaka sitini na mitatu ambaye kazi yake imepitwa na wakati, jina ndilo lililobaki.

Alianza kujenga tarehe 16 Juni, katika uwanja ulio nyuma ya bwalo la shule. Alichagua udongo wa kichuguu, akauloweka siku mbili, akaukanyaga kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa. Kila jioni wanafunzi walikuja kutazama mji ukiota. Nyumba saba zilipanda zikizunguka nguzo kuu, paa zao zikiwa zimeshikwa na mihimili iliyotoka kwenye nguzo hiyo. Lango lilichorwa nyundo mbili kwa kidole. Mnara ulimfika Andati kidevuni. Alipiga lipu ya samadi na jivu, akasugua kwa jiwe laini mpaka kuta zikang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Wanafunzi tisa wa kidato cha kwanza, waliochaguliwa kwa ufupi wao, walikuja wamevaa ndevu za katani wakaingia na kutoka malangoni, na Andati akawa anaimba kazini, jambo ambalo Selpher alikuwa hajalisikia tangu binti yao Roda aolewe.

Ijumaa tarehe 4 Julai, saa kumi, jua likiwa kali, wakafanya majaribio. Mbilikimo wa kwanza alikwenda kwenye nguzo akachomoa kabari iliyopakwa rangi ya manjano, mfano wa dhahabu. Wa pili akachomoa ya pili. Cherotich alisimama kando na daftari, midomo yake ikihesabu. Wa tisa akachomoa ya tisa, wote wakakimbia nyuma ya mstari wa chokaa, wakaziba masikio.

Mji ulisimama.

"Labda unafikiria," Mwalimu Beverlyne alisema baada ya muda.

Waliusukuma kwa mti. Walifunga kamba kwenye nguzo, mbilikimo tisa wakavuta, ndevu zikawahama zikaenda mabegani. Mathew, fundi wa matofali aliyekuwa akijenga maabara ya shule hatua chache kutoka hapo, aliacha mwiko wake akaja kusaidia. Ni jibaba la mtu, mikono kama mitwangio. Aliishika kamba, akatema mate viganjani, akavuta. Kamba ikakatika, Mathew na mbilikimo wote wakaenda chali kwa pamoja, na kutoka juu ya mnara kikaanguka kipande cha lipu kisichozidi ukubwa wa andazi.

Shule nzima ilicheka. Mathew alicheka akiwa bado chini. "Mzee Andati! Nguzo hii umeisimamisha juu ya kabari, ama umeipanda kama mti?"

"Nimechimba kidogo tu," Andati alisema. "Futi mbili. Isiyumbe."

"Sasa kabari ni za nini?"

"Za urembo."

Hapo kicheko kikaanza upya, na Andati mwenyewe alikuwa amevimba kifua. Ukweli ni kwamba alifurahi sana. Kisha akamwona Cherotich. Msichana hakulia wala hakulalamika. Alikuwa amechuchumaa, daftari juu ya goti, akikata mstari baada ya mstari kwa kalamu.

"Unafanya nini, mama?"

"Ninabadilisha mwisho, Mzee. Hawataangukiwa. Watahama tu."

"Watahama waende wapi, na mji wao ni mzima hivi?"

"Sijui bado." Akaendelea kukata. "Ilikuwa ni lazima uanguke. Ndiyo maana niliuandika. Lakini hauwezi."

Andati alirudi nyumbani. Selpher alimpakulia obusuma na mboga, naye akawa anaukata ugali na kuurudisha kwenye sahani.

"Walikuambia tangu mwanzo kwamba unaanguka," Selpher alisema.

"Walisema."

"Na wewe ulisikia."

"Masikio yalisikia, Mama Roda. Mikono ndiyo haikusikia."

"Basi irudishe ikajenge wa kuanguka."

"Mbele ya Lumakanda nzima? Wazazi wote, machifu, watu wa kanisa? Watasema nini? Kwamba ukuta wa Andati umeanguka. Miaka arobaini na miwili hawajawahi kusema hivyo."

Selpher aliona hilo halikuwa jambo dogo. Kisha akasema taratibu, "Yule mtoto alilificha daftari lake kwenye sweta, yeye akaloa. Mimi nililiona hilo. Wewe hukuliona?"

Jumatatu asubuhi Andati alikuwa uwanjani na sururu. Kuubomoa mji wa kwanza kulichukua siku mbili na wanaume watano, mmoja wao Mathew, aliyekuwa akinong'onea kila pigo, "Udongo gani huu, jamani?" Andati hakupiga hata pigo moja. Alisimama kando amewapa mgongo, akichambua fito.

Kisha akaanza tena, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kujenga vibaya nako kunataka fundi. Alikaa chini akakumbuka makosa yote ambayo Wanzala aliyakemea, na yale ambayo yeye mwenyewe aliwakemea vijana wake, akaamua kuyafanya yote kwa uangalifu. Udongo haukulowekwa ila saa moja. Nyasi hazikutiwa. Ukuta wote ulipandishwa kwa siku moja bila kuacha wa chini ukauke. Nguzo kuu haikuchimbiwa hata inchi. Ilisimama juu ya kabari tisa, kila moja ikibeba sehemu yake, na ya tisa ikipachikwa mahali ambapo ikitoka tu, mihimili yote inakosa pa kushika. Kokoto zote alizichekecha zikatoka, kila donge liwe jepesi, lisimuumize mtoto hata likimwangukia mguuni.

Tabu ilikuwa mikono. Akili ikisema fundo moja, vidole vinapiga mawili. Siku ya kwanza alifunga fito arobaini, na alipozikagua, thelathini na nne zilikuwa zimefungwa kama za nyumba ya askofu. Ndipo Selpher alipobeba kigoda chake na kijiti, akaketi kando ya kazi kama msimamizi.

"Fundo la pili hilo! Fungua!"

"Ni moja hili, Mama Roda."

"Nina macho. Fungua. Na hapo unapapasa nini? Unalainisha ukuta? Nani amekutuma kulainisha?"

"Umepinda kidogo."

"Uache umepinda. Weka hiyo timazi ya kupimia ukuta mfukoni. La, mfukoni hapana, nipe mimi."

Wanafunzi waliacha mpira wakaja kusikiliza hayo. Ikafika mahali mbilikimo wote tisa wakawa wanaimba kwa pamoja, "Fundo la pili! Fungua, Mzee!" na Andati akifungua huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Cherotich alikaa karibu na Selpher. Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa ule uliokatwa, na juu ya mistari iliyokatwa alikuwa ameanza kuandika ile ile tena, kwa herufi ndogo.

Mathew naye hakukosa la kusema. Alipita na toroli la matofali, akasimama. "Mzee, Ijumaa nitakuwa mstari wa mbele na simu. Siku ukuta wa Andati unalala chini, mimi nisipopiga picha, wajukuu zangu wataniuliza nilikuwa wapi."

"Piga," Andati alisema. Lakini jibu lile lilimtoka kavu, na jioni hiyo hakuimba.

Alhamisi, siku moja kabla ya mchezo, mvua ilinyesha kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Walikuwa wameufunika mji kwa maturubai mawili, lakini maji ni maji. Ijumaa saa moja asubuhi, turubai lilipoondolewa, kulikuwa na ufa kwenye ukuta wa lango, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Andati, ambaye kwa majuma mawili alikuwa na hofu kwamba mji hautaanguka, sasa aliingiwa na hofu kwamba utaanguka kabla ya wakati, wazazi wakiwa bado wanatafuta viti. Ukianguka hivyo, Cherotich hana mchezo, na yeye hana udhuru. Huko ndiko kuanguka kwa kawaida, kule kwa mafundi wabovu. Aliuinua mkono na donge la udongo. Selpher akamshika kifundo cha mkono.

"Ukiugusa utautengeneza," alisema. "Nakujua."

Saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Mchezo ulianza saa saba kasorobo baada ya hotuba tatu. Mbilikimo waliingia wakigonga nyundo za mti, ndevu zimefungwa vizuri safari hii, wakacheza ngoma ya uchimbaji, na kwa kila mruko wao Andati, aliyekuwa amesimama nyuma ya bwalo, aliuona ufa ukipanda. Vumbi lilikuwa likichuruzika langoni. "Ngoja," aliuambia ukuta kwa sauti ya chini. "Ngoja, mama. Bado."

Ngoma ikaisha. Dhahabu ya mlimani ikaisha. Wa kwanza akanyemelea nguzo, akageuka kuwatazama wazazi, akaweka kidole mdomoni. Wazazi wakapiga kelele, "Acha! Usichomoe!" Akachomoa. Kwa wa pili walipiga kelele zaidi, na kufikia wa sita akina mama wa kanisa walikuwa wamesimama juu ya viti wakimtishia mtoto kwa mwavuli. Wa saba. Wa nane, mnara ukainama kiasi cha kidole kimoja, ukatulia, na uwanja wote ukanyamaza kimya.

Wa tisa alikuwa ndiye mdogo kuliko wote. Kwenye daftari alitakiwa kuchomoa mara moja. Aliitazama kabari, akautazama mji, kisha akasema maneno ambayo hayakuandikwa popote: "Lakini ni mzuri." Hapo akachomoa, akakimbia.

Mji wa Dundumo ulianguka kama ulivyopangwa, na vizuri kuliko ulivyopangwa. Nguzo ilishuka kwanza, wima, kama mtu anayepiga magoti. Mihimili ikaifuata, nyumba zikainamia katikati moja baada ya nyingine, zote saba, na mnara ukabaki peke yake kwa muda wa pumzi moja kabla haujajilaza juu ya lango. Vumbi jekundu likapanda. Hakuna donge lililovuka mstari wa chokaa.

Kisha ukasikika ukelele mmoja, mrefu, wa furaha, kutoka nyuma ya bwalo, na watu walipogeuka wakamwona Andati mikono juu, anarukaruka. Uwanja wote ukalipuka pamoja naye. Mbilikimo walimkimbilia wakambeba, wakashindwa, wakamburuta hadi katikati ya vifusi. Cherotich alikuja na daftari lake, akampa mkono kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mkwe.

Mathew alifika akiwa mwekundu wa vumbi, simu mkononi.

"Umeipata picha?" Andati alimwuliza.

Mathew aliitazama simu kana kwamba ndiyo kwanza aione. "Sikubonyeza," alisema. "Nilisahau. Mzee, nyumba saba kwa zamu? Mimi ukuta wangu ukianguka unaanguka kama mlevi." Akageukia watu waliokuwa wamewazunguka, akapaza sauti: "Huyu hata kuangusha anaangusha kwa timazi!"

Kufikia jioni neno hilo lilikuwa limefika sokoni, limevuka barabara, limeingia vilabuni. Waliolirudia walikuwa wakicheka kwa heshima, na Andati alilisikia mara nne kabla hajafika nyumbani, akawa anatembea polepole ili alisikie la tano. Mwalimu mkuu naye alikuwa ametangaza kwamba shule za msingi tatu zinaomba kuuona mchezo, na wa kwanza wangekuja Jumatano inayofuata.

Jumamosi, tarehe 19 Julai, kulikucha kweupe, bila wingu. Andati alifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu pamoja na Selpher, aliyebeba kigoda. Alivunja madonge makubwa kwa jembe, akaokota fito ambazo hazikuvunjika akazitenga kando, na kabari tisa akazihesabu na kuzipanga juu ya jiwe. Kisha akachota maji kisimani, ndoo kumi na nne, akayamwaga juu ya vifusi, akakunja suruali hadi magotini, akaingia kukanyaga.